Waifai Kabla ya Saa Kumi

Asubuhi ya leo nilikuwa nimelala chali sakafuni, nasoma tumbo la kompyuta.

Kompyuta yetu ya mpakato ukiinyanyua inazima. Betri ilishakufa zamani, na waya wa chaji unashika kwa mkao mmoja tu, kama mtoto mchanga aliyechagua upande wa kulalia. Kwa hiyo kaka aliisogeza taratibu mpaka nusu ikawa nje ya meza, akaishikilia kwa mikono yote miwili, na mimi nikapita chini yake na tochi ya simu. Nilikuwa natafuta stika inayotaja kadi ya waifai iliyomo ndani.

Mama akaingia na ndoo ya maji. "Na nyie mnafanya nini hapo?"

Kaka akanyanyua nyusi tu. Kaka ni kiziwi, anaongea kwa mikono, na mikono ilikuwa imebeba kompyuta. Akibeba kitu, mazungumzo yamekwisha mpaka akitue.

"Tunatafuta draiva," nikajibu kutoka chini.

"Dereva? Chini ya meza?"

"Draiva, mama. Ni programu inayoifundisha kompyuta kuelewana na kadi yake ya waifai. Bila hiyo kadi inakuwepo tu, haifanyi kazi."

"Kama nyie mlivyopo na vyombo vya jana vipo." Akapita zake.

Sasa niseme haraka hii yote ilitoka wapi. Kaka ni seremala na ana mchumba. Mchumba wake anasikia vizuri, ila anafundisha shule ya watoto viziwi, na lugha ya alama anaijua mpaka matusi. Sisi tunamwita Hereni, kwa sababu jina lake la mikono ni kuvuta ncha ya sikio. Kwa watu wa alama jina hulichagui. Viziwi ndio wanakupa, wakishakuona ulivyo, na ukishapewa limekuganda. Langu mimi ni kiganja kilichofunika mdomo. Kaka alinipa nikiwa mdogo, na mpaka leo sijafanya lolote la kumfanya alibadilishe. Mimi ni mtu ambaye nikitumwa dukani naomba Mungu nikute limefungwa.

Jana Hereni alituma ujumbe. Baba yake amekubali kumwona kaka, lakini kwa video, leo, saa kumi jioni. Na ni leo tu. Kesho Jumapili watu wa kijana mwingine wanakuja nyumbani kwao rasmi kuposa, kijana mwenye masikio mawili yanayofanya kazi na pikipiki. Mzee alikuwa ameshaamua, Hereni akalia wiki nzima, ndipo mzee akasema haya, nimwone huyo wako kabla sijawajibu wale wengine. Halafu akaweka sharti. Hereni asitafsiri. "Wewe utanitafsiria unavyotaka," alimwambia. "Ana mdogo wake? Atafsiri mdogo wake."

Mdogo wake ni mimi.

Kwa kawaida kaka na Hereni wanaongea kwa simu ya kaka, imeegemezwa kwenye chupa ya chai, maana alama zinataka mikono yote miwili na kifua kionekane. Lakini wiki iliyopita ile simu ilidondoka karakana, ikaangukia uso kwenye randa. Kioo kimepona, kamera ya mbele imekuwa jicho la samaki aliyekufa. Simu ya mama ni ya vibonyezo. Mama mwenye nyumba, ambaye waifai ni yake na anaturuhusu kuitumia, amesafiri na simu yake nzuri. Tukabaki na kompyuta. Kamera inayo na inafanya kazi. Waifai ndiyo haijawahi kushika hata siku moja.

Haijawahi kushika kwa sababu yangu kidogo. Mjomba alipotuletea, ilikuwa na mfumo wa kulipia unaodai malipo kila ukiiwasha. Mimi nikaweka Linux, mfumo huria, ule ambao watu wa dunia nzima wanauandika na kuugawa bure. Ukawa mwepesi, unapendeza. Ila watengenezaji wa kadi za waifai wengine ni wachoyo, draiva zao hawaziachii hovyo, hivyo haziji pamoja na mfumo. Unatakiwa uzifuate mwenyewe mtandaoni. Na mtandaoni utafikaje, wakati hiyo waifai ndiyo unayoitafuta? Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Njia rahisi ingekuwa kuchomeka simu ya kaka kwenye kompyuta, ichukue intaneti humo. Tulijaribu. Tundu la simu yake limelegea, linapitisha chaji peke yake. Kwa hiyo ikabaki njia ya kuteka maji kwa kikombe: nashusha faili kwenye simu, natoa memori kadi, naichomeka kwenye kompyuta, nainstoli, nikikwama narudi kwenye simu.

Basi nikaisoma stika. Kampuni hii, namba hii. Nikaiandika kwenye mkono, nikatoka chini ya meza. Kaka akairudisha kompyuta mahali pake, akakunjua vidole kama mtu aliyefunguliwa pingu.

"Inawezekana?" mikono yake ikauliza.

"Kabla ya saa sita tumemaliza," nikamjibu. Kwa mikono mimi ni muongeaji sana. Hata majigambo ninayo.

Nikakaa dirishani ambako simu inashika vizuri, nikatafuta draiva ya ile namba. Ikapatikana. Nikaishusha. Kaka akatoa memori kadi kwa kamsumari kadogo ka karakana, akanipa kwenye kiganja kama anayenipa punje ya dhahabu. Nikaichomeka, nikaandika amri. Kompyuta ikakataa: faili hili halikai bila mwenzake fulani. Nikarudi dirishani, nikamleta mwenzake. Mwenzake naye akasema hakai bila mwenzake mwingine.

"Wanakwenda harusini?" kaka akauliza. "Mbona hawatembei peke yao?"

Nikamleta na huyo wa tatu. Safari hii kompyuta ikakubali, ikaandika mistari mirefu, ikamaliza bila kulalamika. Nikaizima nikaiwasha. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi zake nazisikia kwenye shingo. Ikawaka. Nikaangalia juu kwenye kona, pale panapokaa alama ya waifai.

Hakuna.

Nikarudia. Nikaondoa draiva, nikaiweka upya. Hakuna. Nikasoma maelezo kwenye simu mpaka macho yakawasha, wote wanasema ukishaweka hii inakubali, furaha tele. Sisi furaha hatukuiona. Saa sita ikapita, mama akaleta chakula, kikapoa pembeni.

Na hapa niseme ukweli. Nusu yangu ilikuwa inasikitika. Nusu nyingine ilikuwa inajisemea, waifai isiposhika, hutaongea na yule mzee. Ile nusu niliisikia vizuri kabisa. Ilikuwa na sauti ya upole.

Kaka alikuwa ameshapiga pasi shati lake. Alikuja kukaa kwenye kigoda, akaitazama kompyuta, akaitazama mpaka nikamwonea huruma. Halafu akaniuliza kitu ambacho mimi sikukifikiria.

"Mjomba aliinunua wapi hii?"

"Kwa fundi. Ni mtumba."

"Ilikuwa nzima?"

"Sijui. Fundi aliitengeneza kwanza."

Akacheka bila sauti. "Mimi nikitengeneza kabati la mtu, bawaba yake ikivunjika naweka bawaba niliyonayo. Sitafuti iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwandani."

Stika ya chini inasema kompyuta ilivyozaliwa. Haisemi alichoweka fundi. Iko amri moja fupi, herufi tano tu, inayoiambia kompyuta itaje yenyewe vyombo vilivyomo ndani yake. Naijua. Niliisoma siku nyingi. Ila asubuhi nzima nilikuwa naiuliza stika habari za mwenye mwili, na mwenye mwili yuko mbele yangu, yu hai, hajaulizwa.

Nikaandika lspci. Ikashuka orodha. Nikaifuata kwa kidole mpaka penye waifai. Kampuni nyingine kabisa! Hata herufi ya kwanza haifanani.

"Imeungwaungwa," nikamwambia kaka. "Ina mapafu ya mwingine."

"Inapumua lakini?"

"Ngoja."

Dirishani tena. Draiva ya kampuni ya pili ikawa faili moja tu, jepesi, halina wenzake wala nini. Msumari, memori kadi, amri. Nikaizima, nikaiwasha, na safari hii sikutazama kona, nilimtazama kaka usoni. Nikajua kwa macho yake. Yalifunguka kama mtu aliyeona basi lake linarudi kumchukua.

Alama ya waifai ilikuwa imekaa pale juu, ndogo, mistari yote imejaa.

Akanibeba. Kweli, akaninyanyua na kiti. Mama akatokea mlangoni, "Jamani mtavunja kiti!" halafu akamwangalia kaka na yeye akaanza kucheka, kisha akakumbuka saa. "Mbona kumi kasorobo? Wewe na hilo gauni la kufanyia usafi ndio unakwenda kuongea na wakwe?"

Ile sauti ya upole ikanyamaza. Nikakimbilia kubadili gauni.

Saa kumi kompyuta ikaita. Kaka amekaa katikati, shati limenyooka, mimi pembeni yake kwenye kigoda ili mikono yangu aione. Nikabonyeza.

Likatokea paji la uso. Paji tupu, pana, linang'aa, limejaza kioo kizima. Chini kabisa nyusi mbili.

"Baba, rudi nyuma kidogo." Sauti ya Hereni, hatumwoni.

"Nikirudi nyuma nitamwonaje? Hebu. Yuko wapi? Ah, huyu hapa."

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Nani kaongea?"

"Mimi. Mdogo wake."

"Mbona unanong'ona, tunaiba?"

Kaka akasalimia mwenyewe, kwa mkono na kwa kuinamisha kichwa. Nikatafsiri. Paji likasema marahaba.

"Muulize anafanya kazi gani."

"Baba, si nilikwambia," Hereni akasema huko pembeni.

"Wewe kaa hapo. Nikikusikiliza wewe huyu ni waziri."

Kaka akajibu, mimi nikawa namfuata kwa sauti ndogo. Yeye ni seremala. Madawati ya shule ya Hereni kayatengeneza yeye. Dawati moja lilikuwa linacheza mguu, Hereni akamwita arudi alirekebishe. "Na nikalirekebisha vibaya makusudi," kaka akaendelea, "ili aniite tena."

Nikasita. Kaka akanigusa goti. Nikasema.

"Sijasikia. Kafanya nini na dawati?"

"Kali... kalirekebisha vibaya."

"Sasa fundi gani huyo!"

"Makusudi, baba!" nikasema. "Ili aitwe tena!"

Paji likasogea mbele, likasogea nyuma. Usoni mwa mtu unaweza kusoma, lakini kwenye paji unasoma nini?

Halafu mzee akauliza polepole, si kwa ukali, na hiyo ndiyo ikawa mbaya zaidi. "Mimi sina ubaya na kijana. Lakini mwanangu atazaa. Mtoto akilia usiku, huyu atamsikiaje?"

Upande wa pili Hereni akasema, "Baba, jamani!" Nilifikiria kumwambia kaka kwamba mzee anauliza kama anapenda watoto. Ingepita. Nani angejua?

Kaka alikuwa ananitazama. "Sema alichosema," akaniambia. "Chote. Usinipunguzie."

Nikamwambia chote.

Akajifuta viganja kwenye suruali, kama anavyofanya kabla hajashika msumeno. Kisha akaongea, na mimi nikatafsiri, na nilipofika katikati mzee akapaza sauti: "Sikusikii, mwanangu! Mimi nimekuja kuongea na ndugu yako na wewe unaniongelea tumboni mwako! Paza!"

Sijui sauti ilitoka wapi. Labda njaa, sikuwa nimekula. Nilisimama nikapiga kelele kama muuza magazeti: "Anasema akina baba wengi wanasikia vizuri kabisa na bado mtoto akilia wanajifanya wamelala! Yeye angalau hatajifanya!"

Mama yangu huko nje akaangusha kitu.

Upande wa pili kikafuata kicheko, lakini si cha mzee. Ni cha mwanamke mtu mzima, kinatoka mbali chumbani, kicheko cha kushika mbavu. "Huyo kakujua, baba wee! Kakujua vizuri!" Nikaelewa ni mama yake Hereni.

Kaka akaniuliza, "Nani anacheka?" kwa sababu aliona nimegeuza uso. Nikamwambia. Akatabasamu, halafu akaacha kutabasamu, akaongeza mengine. Na mimi nikayasema wima, kwa sauti ileile, sikukaa tena: "Anasema kitanda cha mtoto atakitengeneza mwenyewe, kiwe kimeungana na cha kwao. Atalala mkono wake uko juu ya ubao. Mtoto akigeuka tu, ubao utamwambia."

Kwa mara ya kwanza mzee akarudi nyuma. Tukamwona uso wote. Ni mzee wa kawaida, ana mvi kwenye nyusi, macho mekundu kidogo. Alikuwa anaitazama mikono ya kaka.

"Na mimi," akasema, "mnaniitaje kwa hiyo mikono yenu?"

Nikamtafsiria kaka huku moyoni naomba, sema bado, sema jina halitolewi siku ya kwanza. Kaka hakusita hata kidogo. Akapiga vidole viwili kwenye paji la uso wake, mara mbili, paji, paji.

"Kafanya nini hapo?"

"Ni jina lako, baba."

"Maana yake?"

Nikamwangalia kaka. Kaka akaniangalia. "Paji," nikasema. Kwa sauti kubwa, maana nilishazoea.

Safari hii hata yule mama hakucheka.

"Haya," mzee akasema. "Nimemwona. Nitaongea na nyumba yangu." Mkono wake ukaja mkubwa mbele ya kamera, kioo kikawa cheusi.

Nilimgeukia kaka kama simba. "Paji? Mkwe wako unamwita Paji? Umeharibu!"

"Ameuliza."

"Si lazima ujibu kila unachoulizwa!"

"Uso wake ulikuwaje mwishoni? Mimi nilikuwa naangalia mikono yako."

Nikajaribu kukumbuka. Nilikuwa nimesimama wima, naona kioo nusu nusu. "Sijui," nikamwambia. "Kwa kweli sijui. Hakununa. Hakucheka."

Mama aliposimuliwa yote alikaa chini. "Paji," akasema. "Mungu wangu, mwanangu, Paji." Halafu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa nguo, na alipomaliza kucheka akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, tusubiri. Nikamtafsiria kaka. Kaka akasema yeye na kimya wamezoeana toka utotoni, ila hiki cha leo hakijui.

Baada ya chakula cha jioni aliandika ujumbe kwa Hereni. Aliandika mrefu, akafuta. Akaandika wa kuomba msamaha, akanionyesha, nikamwambia usiombe msamaha kama hujui kosa. Mwisho akatuma maneno mawili tu: Baba amesemaje?

Tiki zikawa mbili. Zikawa za bluu. Ameusoma.

Tukasubiri. Kaka akaitazama simu, kisha akaitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi. "Labda waifai imekufa tena."

Nikaenda kuangalia. "Ipo."

"Labda draiva imechoka."

"Draiva haichoki, kaka."

Baadaye akaniuliza tena, nikaenda tena. Nikamfungulia na ukurasa wa habari aone mwenyewe unavyofunguka haraka. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetamani kuambiwa pameharibika.

Sasa mama amelala. Mimi naandika kwa mwanga wa kompyuta, na kesho wale watu wa pikipiki wanakwenda kule asubuhi. Kaka yuko kwenye kigoda, simu ipo juu ya paja lake, kaiweka kwenye mtetemo. Nimemwambia kalale, akasema dakika moja. Nimeangalia kona sasa hivi, kabla ya mstari huu. Mistari imejaa yote. Ujumbe uko palepale, Baba amesemaje, na chini yake hakuna kitu.